Nyati na Mfuko Uliolegea

Ngano, ngano!
Ngano njoo!
Ije na nini?
Ije na aibu zake!

Basi, hapo kale Nyati alikalia dimbwi peke yake. Swala akija, puu! pembe. Ngiri akija, puu! pembe. "Maji haya ni ya wanangu watakaozaliwa," anasema. Nungunungu akaja, watoto wake ndimi nje kwa kiu, naye puu! Wewe unayecheka huko nyuma, sijafika pa kucheka.

Nungunungu akamzunguka kwa nyuma. "Shikamoo mzee. Pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Mfuko wako wa korodani, mzee. Umelegea, unagonga magoti. Mitamba wanakucheka."

Nyati akageuka kushoto, hakuuona. Akageuka kulia, hakuuona. Aibu ikamshika. "Una dawa?"

"Ziko tatu. Kukata ngozi na kushona. Kushona bila kukata. Au kuuacha tu, maana jua likiwaka hushuka, baridi ikija hupanda."

"Kata! Kata yote iliyolegea!"

"Haya. Ila aliyekatwa hukaa kumbini, kama mwali wa jando. Wiki saba asionekane dimbwini, alambe umande."

Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni. Kwachu! kwachu! Chwi! chwi! Nyati akaenda kumbini analia. Huku dimbwini watoto wa Nungunungu wanakunywa, gubu! gubu! Wiki ya pili, Nyati analia. Gubu! gubu! Wiki ya saba akatoka, mfuko umebana ndi!

Akamwendea Mtamba mmoja. "Sasa je?"

"Sasa nini, mzee?"

"Mfuko!"

"Mfuko gani? Sisi tulikuwa tunatazama pembe."

Lo! Maskini Nyati. Jua likawaka, mfuko ukataka kushuka, haushuki. Mbegu ikaungulia ndani. Masika ikaja, hakuna ndama. Masika nyingine, hakuna ndama. Hata mimi ninayesimulia naona uchungu, na yule alikuwa mchoyo.

Siku moja Nungunungu akaja dimbwini na wanawe, miguu tayari kukimbia. Nyati akawapisha.

"Kunyweni," akasema. "Nimwekee nani?"

Watoto wakanywa, gubu! gubu! Nungunungu hakunywa hata funda moja. "Pole, mzee," akasema, na safari hii pole ilikuwa ya kweli.

Nyati hakuuliza ya nini.

Basi funzo, wanangu: kilicholegea kibanwe, na mwenye sindano aaminiwe. Ngano yangu naikunja hapa. Anayetaka kuikunjua, akaikunjue kwao.