Mashine ya Mzee Sangu na Kibali cha Mtu Mmoja

Sikilizeni kwa makini, maana kisa hiki mimi kimenishinda kukiamua.

Mjini Sumbawanga aliishi fundi bunduki, Mzee Kasiano Sangu, na watoto wake watatu. Leokadia, wa kwanza, alijaliwa mikono. Chuma kilichogoma kwa wengine, kwake kililegea. Desderi alijaliwa jicho. Tofauti nyembamba kama unywele haikumpita. Fulgensi, kitindamimba, alijaliwa ulimi, na sokoni hakuna aliyemweza.

Mzee alikuwa na kibali cha kuwajazia wawindaji risasi upya. Alipofariki, polisi walichukua baruti na risasi zilizobaki. Nyumbani ikabaki mashine ya kujazia pamoja na kalibu zake, yaani vile vyuma vinavyofungwa kwenye mashine ili kulirudisha ganda la risasi lililotumika katika umbo lake. Kila aina ya bunduki ina kalibu yake. Ya bunduki ya nyati haifai kwa bunduki ya swala. Mama yao, Bi Teopista, akasema viuzwe, kwa kuwa mwenye kibali hakuwapo tena.

Lakini mashine ilikuwa imekaa kwenye banda linalovuja, na mkono wake ulikuwa umeganda kwa kutu. Leokadia aliiloweka kwa mafuta ya taa, akaikwangua, akaipaka grisi, mpaka ngozi ya viganja ikambabuka. Siku mkono ule uliposhuka bila kelele, alikaa chini akalia. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukishuka enzi za baba yake.

Desderi alizikuta kalibu zote zimechanganywa kwenye ndoo. Akachukua maganda ya zamani, akayajaribu moja moja, mpaka kila seti ikakaa mahali pake. Seti ya bunduki ya nyati ilipungukiwa na kishikio cha ganda. Aliuliza nyumba kwa nyumba, akakikuta kwa jirani, kimefungwa kwenye kamba ya mlango wa banda la kuku.

Fulgensi naye alimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu ameshatundika mizani uani. Akamrudisha mikono mitupu. Akaja mwingine aliyetaka mashine, halafu apewe kalibu kama nyongeza.

"Mzee wangu," Fulgensi akamwambia, "mashine bila kalibu ni chuma cha kuzuilia mlango. Mashine ina bei yake, na kila kalibu ina bei yake."

Akasafiri mpaka Mpanda, akarudi na Bwana Kapufi, mwenye kampuni ya uwindaji, karakana na vibali vyote. Bwana Kapufi alikagua, akalipa bila kuvutana. Kisha akasema, "Nahitaji na mtu wa kuiendesha. Nitamsomesha, nitamwombea kibali. Ila kibali ni cha mtu mmoja. Amueni wenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Nani aliyeifufua?" Leokadia akauliza.

"Ungeifufua ifanye nini bila kalibu?" Desderi akajibu.

"Na bila mimi, Dada, vyote vingekwenda kwa kilo," akasema Fulgensi.

Leokadia alikuwa amechoka, na viganja vilikuwa vikimuuma. Akamgeukia mdogo wake. "Wewe kazi yako ni mdomo tu. Hata baba alikuwa akisema hivyo."

Baba hakuwahi kusema hivyo. Leokadia alilijua hilo tangu maneno yakiwa bado kinywani. Fulgensi akatoka nje. Bwana Kapufi akaona aibu, akapakia mzigo wake akaondoka. Kazi alimpa mtu wa kwao Mpanda.

Fulgensi akahamia Laela. Desderi akawa anakuja kumsalimia mama saa anazojua dada yake hayupo. Mara nyingi Leokadia alitaka kwenda Laela kukiri uongo wake, na kila mara alipata sababu ya kutokwenda.

Mwaka uliofuata Bwana Kapufi akapiga simu. Yule mtu ameacha kazi. Nafasi ipo, bado ni ya mmoja, na safari hii hataki mabishano. Mama ataje jina.

Bi Teopista akamsogezea binti yake simu. "Nimewazaa wote, siwezi kuchagua. Wewe ndiye mkubwa. Taja."

"Mama, mimi ndiye nisiyestahili kuulizwa."

"Ustahili usistahili, mwanangu, mtu anasubiri jibu."

Leokadia akaitazama ile simu. Akijitaja mwenyewe, hajadanganya. Bila mikono yake mashine ingekufa. Akimtaja Fulgensi, huenda ndugu yake akarudi nyumbani, lakini je, atakuwa amemlipa kazi yake au amenunua msamaha? Na Desderi, ambaye hakumtukana mtu, akose kwa sababu ya ugomvi wa wenzake?

Nanyi mnaonisikiliza, simu ile ingekuwa mikononi mwenu, mngetaja jina la nani?