Faki Fundi Vitanda na Busati la Jini Majira

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Tuambie wewe!"

"Pakawa na kisa kinahema mlangoni. Nikifungulie au nikifukuze?"

"Kifungulie!"

Haya, kimeingia. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale, si kale sana wala si juzi, katika kijiji kimoja cha vilimani, palikuwa na mtu akiitwa Faki. Kazi yake kuwamba vitanda vya kamba. Na alikuwa fundi, jamani! Kitanda alichokiwamba Faki, hata mgonjwa akikilalia anaomba asipone upesi. Mkewe akiitwa Mize. Walikuwa wameoana miaka ishirini, watoto wameshaoa na kuolewa, wamekwenda makwao, ndani wamebaki wao wawili.

Lakini Faki alichoka. Asubuhi kamba. Mchana kamba. Alasiri kamba. Siku moja akamwambia mkewe, "Mize, jana kamba, leo kamba, kesho kamba. Hivi hizi siku zote zimezaliwa na mama mmoja?"

Mize akamjibu, "Vuta hiyo ya pembeni, imelegea."

Ndilo jibu alilolipata.

Basi asubuhi moja Faki akaenda bondeni kukata ukindu wa kusokotea kamba. Akasikia mtu analia. Akasogea. Akakuta nani? Jini! Msishtuke, jini wa watu tu, mnene, kilemba kimemkaa upande, na ndevu zake zimeingia ndani ya shina la mfenesi. Hazikunasa tawini. Zimeingia ndani ya mti, kama msumari.

"Salaam aleikum," Faki akasema. "Hizo ndevu zimeingiaje humo?"

"Aleikum salaam," jini akajibu huku anafuta machozi. "Nilipumzika hapa, mti huu ukiwa mche wa urefu wa kidole. Nikaruka miaka sitini mbele. Mimi nimefika, na mti nao umefika."

Faki akatoa kisu, akaomba radhi, akazikata zile ndevu. Jini akajishika kidevu, akajitazama kwenye maji ya kijito, akaguna. Kisha akasema, "Mimi naitwa Majira. Napita katika siku kama nyinyi mnavyopita katika vyumba. Umenikomboa, nami sina zawadi ila safari. Busati langu hili, mkeka wa kuruka, lina nafasi ya mtu mmoja. Panda, tukaione jana, tukaione kesho."

"Na leo?"

"Leo ya nini? Leo kila mtu anayo!"

Moyo wa Faki ukaruka. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa. Akasema, "Ningoje nikamuage mke wangu."

Mize alikuwa uani anachagua mchele.

"Mize, jini amenialika safari."

"Ya wapi?"

"Ya jana na kesho."

"Utarudi lini?"

"Alasiri."

"Alasiri ya lini?"

"Ya leo, Mize! Kwani kuna alasiri ngapi?"

Mize akauweka ungo chini. Faki alitegemea kuchekwa, hakuchekwa. Mize akamtazama usoni akasema, "Faki, usiende."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Usiende."

"Sijui si sababu," Faki akasema. Akachukua kofia yake, akaondoka.

Akapanda busati. Jini akapiga makofi matatu, akaimba. Nanyi mniitikie:

*Jana sogea, kesho jongea,*
*Leo kaa kando tupate njia!*

Busati likatetemeka, fuuu! Likashuka kwenye ua wenye shamrashamra. Ngoma zinapigwa. Sufuria za pilau zimejipanga. Faki akamwona kijana amevaa kanzu ya kuazima, mikono imemfunika mpaka vidoleni, na masikio yake makubwa yanang'aa kwa mafuta.

"Kijana gani huyu amevaa vibaya hivi?" Faki akauliza.

"Ni wewe," jini akasema. "Leo ndiyo siku yako ya harusi."

Kweli! Faki akanusa lile pilau, mate yakamjaa. Akatia mkono sahanini. Mkono ukapita kama moshi.

"Katika siku isiyo yako," jini akasema, "huonekani, husikiki, huli."

"Hata tonge moja? Harusi ni yangu!"

"Ulishakula."

Faki akapita dirishani. Ndani akamwona Mize, msichana, na shangazi yake Bikombo pembeni. Mize anachungulia nje. "Shangazi, ndiye huyo? Masikio yote hayo ni ya mtu mmoja?" Bikombo akasema, "Yatakusikiliza vizuri." Mize akajibana mdomo kwa kanga, akacheka mpaka akakaa chini. Faki miaka yote alidhani siku ile Mize alilia! Akamwita, "Mize! Mize! Mize!" Nani amsikie? Moshi huo.

"Tuondoke," Faki akasema. "Nina njaa."

*Jana sogea, kesho jongea,*
*Leo kaa kando tupate njia!*

Fuuu! Safari hii wakashuka mbele, mbele sana. Nyumba ni ileile, ila imeinama kidogo. Ndani yumo bibi kizee. Amepinda mgongo, anawamba kitanda. Faki akamtambua kwa jinsi anavyofyonya. Mize!

Sasa nyinyi mnajua, au kama hamjui nitawaambia: kitanda hukazwa na watu wawili. Mmoja huvuta, mwenzake hushikilia isirudi. Bibi Mize alikuwa anavuta, anakimbilia upande wa pili kushikilia, kamba imesharudi. Anavuta, anakimbia, imerudi. Anavuta, anakimbia, imerudi. Faki akaruka kushika ile kamba. Ikampita vidoleni. Akaishika tena, ikampita tena. Mara ya tatu hakujaribu, alisimama tu.

"Majira," akauliza kwa sauti ndogo, "katika siku hii mimi niko wapi?"

"Uko na mimi," jini akasema kwa furaha. "Ulipanda, hukushuka. Tumetembea sana mimi na wewe. Mimi husimulia, wewe husikiliza. Kabla yako nilikuwa sina mtu wa kumwambia chochote. Nilimwanzishia mfalme mmoja hadithi, niliporudi kuimaliza nikakuta amekufa. Nikataka kumwambia mwanawe, nikafika bado hajazaliwa. Upweke huu, Faki, usiuone!"

Faki akamwonea huruma, kweli. Lakini akasema, "Nirudishe. Nirudishe alasiri ya leo."

Jini akakohoa. "Leo ipi?"

"Leo yangu!"

"Kulenga si kazi yangu sana," jini akasema. "Lakini nitajaribu, na siku nitakayokurudisha itakuwa yako."

*Jana sogea, kesho jongea,*
*Leo kaa kando tupate njia!*

Fuuu! Wakashuka nyuma ya nyumba. Mpapai aliouacha unamfika magotini sasa una mapapai. Mlango umepakwa rangi ya kijani. Kizingitini kuna viatu vya kiume jozi nane. Na barazani amekaa Shangazi Bikombo, mzee sasa, anatafuna tambuu.

Bikombo akamwona. Akapiga yowe, akavua ndara, akamtupia. "Maiti! Maiti huyo!"

Ndara ikampiga Faki kifuani, puu! Faki akafurahi. Imempiga! Maana yake yuko katika siku yake.

"Shangazi, mimi si maiti. Ni Faki."

"Faki wa miaka mitano? Kadhi amekungoja minne, akatangaza umekufa. Mize amekaa eda, ameimaliza. Tumekusomea hitima, na mchuzi wa hitima ulikuwa mzuri kuliko wewe! Leo Bwana Shaame, mfuga ng'ombe, ameleta posa. Wamo ndani wanakula halua."

Faki akaelekea mlangoni. Jini akamvuta kanzu. "Usiingie! Panda tena. Nitakurudisha alasiri ileile, Mize asijue hata kama ulitoka."

Hapo Faki alisita, jamani. Nyie msingesita? Miaka mitano ifutike kama vumbi mezani!

"Ukilenga," akauliza, "utakosa kwa kiasi gani?"

"Kidogo tu. Miaka mitano. Kumi. Hamsini haizidi."

Faki akaona tena yule bibi kizee na kamba yake. Akasema, "Siku hii ni mbaya, Majira, lakini nikipiga kelele ndani yake nasikika. Nenda salama." Akamwacha jini na busati lake, akavua viatu, akaingia.

Bwana Shaame, mtu mpole mwenye tumbo la kuheshimika, akabaki na kipande cha halua karibu na mdomo. Kadhi alikuwepo pia, yuleyule aliyemtangaza Faki maiti. Akamgusa bega, akamfinya, akamwona yu hai, akafungua kitabu, akakifunga. "Kwa kuwa hajaolewa na mwingine," akasema, "mke bado ni wa Faki."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Shehe, nimekusikia. Lakini mimi hamjaniuliza."

Mize akatoka. Mikono yake ilikuwa na sugu za kamba, maana miaka mitano kila kitanda kijijini amekiwamba yeye.

"Ulisema alasiri," akasema.

"Nilisema."

"Nina swali moja. Mimi nilikukosea nini?"

Faki angeweza kusema jini alimdanganya. Angeweza kusema alirogwa, watu wangeitikia. Akasema, "Hukunikosea kitu. Nilizichoka siku. Nilidhani siku ni kitu kingine, na wewe ni kitu kingine."

Mize akamgeukia mgeni. "Bwana Shaame, nimekusumbua, uniwie radhi. Halua umalize." Shaame akamaliza halua, kwa adabu, mpaka makombo. Kisha Mize akamwambia Faki, "Wewe utalala kwa shangazi. Asubuhi uje kazini. Mimi nitavuta, wewe utashikilia. Jioni uondoke. Ukinizoesha tena kuwa upo, nitajua mwenyewe la kufanya."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Faki anakuja, anashikilia kamba. Mize anavuta. Jioni Faki anarudi kwa Bikombo, na Bikombo anamlaza jikoni na kumwita Marehemu. "Marehemu, chota maji! Marehemu, chanja kuni!" Mwezi wa kwanza Mize hakusema neno. Mwezi wa pili akasema, "Shikilia." Mwezi wa tatu Faki akamsimulia alivyomwona anachungulia dirishani siku ya harusi, na aliyoyasema juu ya masikio. Mize akajizuia. Akajizuia. Kisha akaangusha kamba, akacheka mpaka akakaa chini.

Masika yakaingia. Jioni moja mvua ikashuka ya kubomoa vichuguu. Kazi imekwisha, Faki anatafuta ndara zake.

"Unakwenda wapi?" Mize akauliza.

"Kwa shangazi."

"Utalowa."

"Nitalowa."

Mize akaitazama mvua. Akamtazama Faki. Akasema, "Basi futa miguu hiyo, usinijazie tope ndani." Akaingia, mlango akauacha wazi.

Faki akafuta mguu wa kulia. Akafuta wa kushoto. Akafuta wa kulia tena, kwa furaha tu. Akaingia.

Na jini Majira? Bado yuko njiani, busati lake lina nafasi ya mtu mmoja, na anatafuta wa kumsikiliza. Akipita kwako kesho asubuhi, wewe utapanda? Msinijibu mimi. Nendeni mkawajibu walio nyumbani.

Kisa nilikikuta njiani, nimekilisha, nimekinywesha, sasa kinasinzia.

"Kikilala?"

"Tukifunike!"

"Kikiamka?"

"Kimrudie mwenyewe!"

Haya, kimelala. Tokeni polepole.