Kunde Moja kwa Sarafu ya Mkunga

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa nini? Pakawa mji, mjini soko, sokoni mnunuzi asiyetoka jasho. Wewe unayechokonoa moto, kaa kitako. Hii si ya kuchekea.

Hapo kale, katika mji wa Kongoroni, alikuwako mkunga jina lake Bi Semeni. Kila mtoto aliyempokea, wazazi walimpa sarafu moja: yenye tundu, yenye simba, ya shaba, ya fedha, kila mtu na aliyokuwa nayo. Bi Semeni hakutumia hata moja. Alizitia katika kijaluba chake cha bati, na kila alipotia alitaja jina la mtoto. Ya mwisho ilikuwa ya mjukuu wake, Zawena. Siku saba baadaye akafa.

Kijaluba akakirithi binti yake, Mwanamvua. Akarithi na nyumba, paa limeoza, na masika yanabisha hodi. Akasema, "Nitaziuza sarafu za mama kwa bei ya haki ninunue makuti, mwanangu asinyeshewe."

Sasa Kongoroni walikuwa na desturi yao, na mimi siipendi, naisema wazi. Mali ya marehemu haibishaniwi bei. Mnunuzi akitaja, mrithi hupokea na kushukuru. Anayetaka kuongezwa huambiwa anamla maiti wake, na neno hilo humganda maisha.

Mwanamvua akatandika mkeka sokoni, mtoto mgongoni. Saa sita mchana, jua la utosi, watu wote wameingia majumbani, akatokea mtu mrefu, kanzu nyeupe pe, mfuko begani. Jua linachoma, naye usoni mkavu kama jiwe la kusagia.

"Sitaki nyingi, nataka moja," akasema. "Natoa kibaba cha kunde. Mali ya marehemu haibishaniwi, au sivyo?"

Mwanamvua akaona ni kidogo. Akaona haya kusema.

"Ndivyo," akajibu.

Yule mtu akachukua sarafu yenye tundu, akaitumbukiza mfukoni mwake, akaenda.

Alasiri nyundo ya Mkadamu mhunzi haikusikika. Watu wakaenda kutazama. Moto unawaka, chuma kiko juu ya fuawe, bado chekundu, Mkadamu hayupo. Wakamwita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Siku ya soko ya pili, saa sita mchana, yule mtu akaja tena.

"Sitaki nyingi, nataka moja. Natoa nusu kibaba cha kunde. Mali ya marehemu haibishaniwi, au sivyo?"

Mwanamvua akasikia sauti ndani ya ule mfuko. Ko, ko, ko. Kama nyundo, lakini ndogo, ya mbali. Alitaka kuuliza, akaona haya.

"Ndivyo," akajibu.

Yule mtu akachukua sarafu yenye simba, akaenda. Na alasiri ile Bi Hidaya muuza maandazi hakuonekana. Mafuta yanachemka, maandazi yanaungua karaini, mwiko uko chini mchangani. Wanawe wanne wakamtafuta mji mzima wakilia.

Mwanamvua akakimbia nyumbani, akajifungia, akakaa kwenye kitanda cha mama yake. Chini ya kitanda kile aliishi panya buku, mzee, masharubu meupe, aliyezisikia sarafu zote zikitiwa kijalubani.

"Mwanamvua, Mwanamvua, umeuza nini?"

"Nimeuza sarafu."

"Hukuuza sarafu. Mwanamvua, Mwanamvua, umeuza nini?"

"Nimeuza sarafu za mama!"

"Hukuuza sarafu. Mwanamvua, Mwanamvua, umeuza nini?"

Mwanamvua akasema polepole, "Nimeuza watu."

"Sasa umesema," akasema panya. "Yule ni zimwi. Sarafu ya mkunga ikiuzwa kwa haki, ni sarafu tu. Ikiuzwa kwa bei ya dhuluma, mwenye jina huenda nayo. Yenye tundu ilikuwa ya Mkadamu. Yenye simba ilikuwa ya Bi Hidaya. Na ya tatu anaitaka ile ndogo mpya."

"Ndogo mpya ni ya Zawena!"

"Ndiyo maana anaitaka."

"Nitaitupa kisimani! Nitahama!"

"Utahamia wapi asikokufuata? Nenda sokoni kama kawaida. Sema neno moja tu, *haitoshi*, mpaka akuulize mwenyewe unataka nini. Zimwi likiuliza bei limejifunga. Likishindwa kuitimiza, soko linalitapika. Lakini bei uijue wewe. Hapo sina la kukufundisha."

Basi siku ya soko ya tatu ikafika. Mwanamvua akatandika mkeka, Zawena mgongoni, amembana kwa kanga mbili. Saa sita mchana, upepo ukasimama. Kuku wakaingia chini ya vibanda. Huyo anakuja.

Ko, ko, ko, mfukoni.

"Sitaki nyingi, nataka moja. Ile ndogo. Natoa kunde moja. Mali ya marehemu haibishaniwi, au sivyo?"

Akaweka kunde moja juu ya mkeka. Na palepale Mwanamvua akahisi mgongo wake umekuwa mwepesi. Kanga zimelegea. Jamani, mama gani asiyejua uzito wa mwanawe? Nyuma ya milango watu wanachungulia, anawasikia wanavyopumua.

"Haitoshi," akasema. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Watu nyuma ya milango wakaguna: "Anamla mama yake huyo!"

Shingo ya yule mtu ikarefuka shubiri. "Gunia la kunde."

"Haitoshi."

Shingo ikarefuka mkono mzima. Chini ya kanzu zikaonekana kwato. "Magunia saba!"

Magunia saba ni paa jipya, tena na mengine ya kubaki. Mwanamvua akalia machozi kwa hofu, lakini akasema, "Haitoshi."

"Basi wataka nini?" zimwi likanguruma.

Uzito wa mtoto ukarudi kidogo mgongoni.

"Nataka watu wawili," akasema Mwanamvua. "Mkadamu na Bi Hidaya. Hiyo ndiyo bei. Sishuki."

Zimwi likafungua mfuko kwa hasira, likamtoa Mkadamu, likamtupa mchangani. Nyundo bado anayo mkononi, anagonga hewa, ko, ko, ko, hajui alipo.

"Na Bi Hidaya?"

Zimwi likajifuta mdomo.

"Huyo nimeshamtumia."

Mwanamvua akakaza kanga zake.

"Bei ni watu wawili, umeleta mmoja," akasema. "Mkadamu ni malipo ya kutangulia, ni arubuni yako. Na hapa sokoni mnunuzi akishindwa kumaliza, arubuni hairudi na bidhaa hapati. Desturi si unazijua wewe? Au unaijua moja tu?"

Zimwi likanyoosha mkono kuinyakua sarafu. Ardhi ya soko ikatikisika, ikalitapika nje ya mji, kwato juu, kanzu chini, na halikuonekana tena Kongoroni. Uzito wote ukarudi mgongoni, Zawena akapiga chafya. Mwanamvua akaketi, akacheka na kulia pamoja.

Milango ikafunguka. Mkadamu, akili zilipomrudia, akasema, "Sarafu za Bi Semeni tutazinunua wenyewe. Kila mtu yake." Panya akataja majina, watu wakapanga mstari. Na hakukuwahi kuwa na ubishi wa bei kama ule. Mwanamvua anasema inatosha, mnunuzi anasema haitoshi, mimi siwezi kuwa wa bei hiyo! Paa likaezekwa kabla ya mvua ya kwanza.

Mwisho kabisa wakaja wanawe Bi Hidaya, wote wanne, wameshikana mikono, na mkubwa wao ameshika fedha. Wakasimama mlangoni, wakaomba sarafu ya mama yao.

Mwanamvua hakuwa na cha kuwauzia.

Mnanyamaza? Nyamazeni. Funzo lake ni hili: urithi wako utajie bei mwenyewe, tena mapema, hata kama sauti inatetemeka. Na mtu akikwambia kuuliza bei ni aibu, mtazame miguuni.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwanogea, gawaneni, ikiwatisha, laleni karibu karibu. Nami ya kwangu niliinunua siku ile ile. Bei sisemi, msije mkaniona ghali.