Majani Yaliyompigia Mwinyi Magoti

Mwinyi Shaame alipoletwa kutoka mjini kuitawala Mchangamle, amri yake ya kwanza ilikuwa hii: kila mtu ampigie magoti, na asiyetaka ahame. Bi Mize, mfinyanzi wa vyungu, hakupiga. Mwinyi akamfuata hadi uani kwake.

"Kikongwe, mbona hupigi magoti?"

"Mwinyi wangu, hapa kwetu hata majani humjua mkubwa. Hebu yaguse yale ya kichaka kile kwa bakora yako."

Mwinyi akagusa. Majani yakajikunja, yakalala chini. Majirani, waliokulia na kifauwongo hicho, mmea unaojikunja ukiguswa, wakauma midomo wasicheke. Mwinyi akavimba kama andazi.

"Mmeona? Hata majani!"

"Tumeona. Basi tutangazie, Mwinyi, tusije tukakosea: anayeinamiwa na majani haya, naye ampigie mtu magoti?"

"Abadani! Huyo ni mkubwa, hampigii mtu magoti. Naapa mbele yenu!"

"Ahsante, Mwinyi," akasema Bi Mize. Akainua kanga yake, akapita taratibu kando ya kichaka, mguu ukiyagusa majani. Majani yakainama. Majirani nao wakapita mmoja mmoja, yakawainamia wote. Mwisho akaja mbuzi, akapenya katikati, na kichaka kizima kikalala.

"Mpishe, Mwinyi," akasema Bi Mize. "Huyo ni mkubwa mwenzako."