Mchuzi wa Bi Nunu

Mwanamke mmoja wa Muheza, Mwantumu binti Shekue, alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na ndugu huyo alikuwa na miaka mitatu hajatia tonge kinywani nyumbani kwake.

Chanzo kilikuwa neno. Siku ya arobaini ya mama yao, Bi Nunu, watu wakiwa bado wamekaa mikekani, Mwantumu alimwambia mdogo wake Mbaruku kwamba kwenye ugonjwa hakuonekana, ila kwenye urithi amewahi. Neno hilo lilikuwa na ukweli kidogo, maana maneno yanayochoma hayakosi ukweli kidogo. Mbaruku alinyanyuka, akavaa viatu, akarudi kwake Korogwe. Tangu hapo walipokutana misibani walisalimiana, wakaulizana hali za watoto, basi. Mwantumu alituma watu wamsemee. Wa kwanza aliambiwa aseme kwamba dada hakukusudia. Wa pili aseme kwamba waliokuwapo hawakusikia vizuri. Wa tatu aseme kwamba hata Mbaruku naye ana lake. Maji yakimwagika hayazoleki, naye alihangaika kuyazoa miaka yote mitatu.

Hata ikaja habari kwamba Mbaruku na mkewe wangepita Muheza siku ya Ijumaa, wakielekea Tanga mjini. Angebisha hodi, angesalimu, angeondoka. Mwantumu alijua kwamba ndugu yake akiondoka siku hiyo bila kula, hiyo ndiyo itakuwa desturi yao mpaka mmoja amzike mwenzake. Akaamua kupika mchuzi wa mama.

Kila Ijumaa ya utoto wao Bi Nunu alipika mchuzi wa nazi, wenye nyanya na ukwaju, wa kulia mihogo ya kuchemsha. Watoto wawili, sinia moja. Katika yote hayo, kilichomkaa Mwantumu kichwani ni ule ukali: macho yanatoa machozi, pua inachuruzika, Mbaruku anarukaruka kwa mguu mmoja, wote wawili wanagombea kata ya maji mtungini, na mama amejishika ubavu kwa kicheko. Alikula vyakula vingi ukubwani, vya harusini na vya wenye nazo, lakini hakuna alichokitamani kama machozi yale.

Kwa hiyo alipopika, aliyatafuta. Alitwanga pilipili mbili, akatia, akaonja. Machozi hayakuja. Akatwanga nne. Hayakuja. Akatwanga kumi, pamoja na mbegu zake, mpaka mvuke ukavuka ua na kuku wa jirani wakahama kivuli chao. Alipokuja kuonja mara ya mwisho ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na mchuzi ulikuwa hauliki.

Akaanza kuutengeneza. Aliupitisha kwenye chujio. Aliokota mbegu mojamoja kwa ncha ya kijiko. Alitia sukari, ukawa mkali na mtamu kwa pamoja, kama mtu anayekutukana huku anatabasamu. Saa zilikwenda. Akaketi kwenye kibao cha jikoni akalia, na machozi hayo hayakuwa yale aliyoyataka.

Ndipo alipoingia Bi Mashavu, jirani yake, ambaye alikuwa shoga wa marehemu Bi Nunu. Aliingia anakohoa, amejiziba pua kwa kanga. Alionja kwa kidole, akatema, akamtazama Mwantumu kwa huruma iliyochanganyika na kucheka.

"Mama yenu alikuwa akitia pilipili moja tu, mwanangu, nzima, bila kuipasua, ila ndimi zenu ndizo zilizokuwa changa. Na hiyo uliyoitia haitoki tena, hata uchuje mpaka Ijumaa ijayo. Ongeza vingine."

Mwantumu akaliweka chini chujio, akaanza kukuna nazi. Alikuna moja, akakuna ya pili, akafika ya tano, mkono ukamfa ganzi. Alikatia nyanya zote za kikapuni. Sufuria ikafurika, ikabidi aazime ile kubwa ya shughuli kwa Bi Mashavu. Mchuzi wa watu watatu ukawa wa watu ishirini, na chakula hakitupwi, kwa hiyo majirani wakaitwa. Wengi wao ndio wale waliokaa mikekani siku ya arobaini.

Mbaruku alifika baada ya sala na mkono wake tayari kwa kuaga. Alikuta ua umejaa na nafasi yake imeachwa wazi. Mwantumu alisimama mbele ya watu wale wale, akasema kwamba lile neno lilikuwa lake, alilisema yeye, na walilisikia vizuri. Akamwomba mdogo wake radhi. Hakutia "lakini" wala "ila". Kisha akamkaribisha wifi yake kando yake, akamuuliza habari za mtoto wao aliyevunjika mkono, akampakulia Mbaruku mihogo na mchuzi kwa mkono wake mwenyewe.

Mbaruku alitazama sinia kwa muda mrefu. Alichovya, akala. Macho yakamjaa machozi, na hakuna aliyejua kama ni ya pilipili. Watu waliacha kutafuna.

"Dada," alisema, "bado unawasha. Niongeze."

Basi la saa nane liliwaacha. Mpaka alasiri ndugu wale wawili walikuwa bado mkekani, wanamsimulia mke wa Mbaruku habari za Bi Nunu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja wenu analo neno alilolisema ambalo halitoki tena: tangu siku ile, ameliongezea nini?