Futa Vyote, Ila Drafti

Wapendwa, kabla hatujaingia kwenye sala ya toba, nisikilizeni kidogo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Siyo wa hapa kwetu, msianze kutazamana. Tumwite Mzee Anyosisye. Binti yake alimnunulia kompyuta ya kuandikia matangazo ya Jumapili, naye akaiweka sebuleni, kaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Siku moja kompyuta ikaingiwa na virusi. Kila akiiwasha, inaruka picha ya dada mmoja aliyevaa nusu nusu, anasema kwa sauti nyororo: "Hongera, mpenzi! Nimekuchagua wewe!" Akiifunga, zinakuja mbili. Akizifunga hizo mbili, zinakuja nne.

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Tupokigwe, nani huyo anakuita mpenzi saa mbili asubuhi?"

"Ni virusi, mama."

"Virusi vinapaka rangi ya mdomo?"

Mnacheka? Mwenzenu alikula ugali mkavu siku tatu.

Akaitwa fundi, dada mmoja hodari, jina lake Sekela. Akaisafisha kutwa nzima, akaaga. Baada ya siku mbili, "Hongera, mpenzi!" Sekela akarudi, akasafisha tena. Safari hii yule wa kwenye picha akajitokeza siku ya jumuiya, waumini wamejaa sebuleni, mzee anawasha awasomee matangazo. Mchungaji wao alifumba macho akaanza kuomba, na wala hakuna aliyekuwa amemwambia aombe.

Mara ya tatu fundi akasema, "Mzee, dawa iliyobaki ni moja. Nifute kila kitu, tuanze upya."

"Futa, mwanangu! Futa vyote, nimechoka na aibu." Akanyamaza kidogo. "Ila... niachie drafti yangu."

"Drafti gani?"

Ndipo ikajulikana. Mzee alipewa mchezo wa drafti na rafiki yake. Kila mara fundi alipokuwa njiani kuja, mzee aliuhamishia kwenye flashi, akaitia mfukoni mwa koti. Fundi akiondoka, anaurudisha.

Sekela akajishika kichwa. "Mzee, virusi vinaishi humo humo kwenye drafti!"

Mzee machozi yakamlenga. "Binti yangu, tangu nistaafu sijamfunga mtu pale kijiweni. Hata mmoja. Humu nashinda kila siku."

"Unashinda," fundi akamwambia, "kwa sababu walioutengeneza hawataki uufute."

Mzee akatoa flashi mfukoni, akamkabidhi. Kompyuta ikatulia. Kesho yake akaenda kijiweni, akafungwa michezo saba mfululizo, na watu wakamcheka mpaka naye akacheka.

Sasa sisi. Si tunapiga magoti hapa kila Jumapili? "Bwana, nisafishe, futa vyote." Halafu tunanyamaza kidogo. Ila. Ila yule shemeji sitamsamehe. Ila umbea wetu wa baada ya kwaya, huo si dhambi, ni kupeana habari. Kisha tunakuja kulalamika: "Mchungaji, nimeombewa mara tatu, mbona dhambi inarudi?" Itaachaje kurudi, ndugu yangu, na wakati wa maombi umeitia mfukoni?

Na kwa nini tunaificha? Kwa sababu humo tunashinda. Nikiwa na kinyongo, mimi ndiye niliyeonewa daima. Nikisengenya, mimi ndiye mwema kuliko wote. Ni ushindi mtamu, wapendwa. Lakini mmewahi kujiuliza ni nani anayetuachia tushinde?

Nimeyaandaa mahubiri haya siku nne, na kila siku nilikuwa naijua drafti ya kwangu. Sitawaambia ni ipi, kwa hiyo msinitazame hivyo. Tusimame. Kila mtu aitaje yake, kimoyomoyo, kwa jina lake. Mimi naanza.