Kunyamaza si Kupona

Kunyamaza si kupona. Mmeyasikia maneno hayo leo kijiweni, mwenzenu alipojisifu kwamba pikipiki yake imeacha kelele tangu aimwagie oili nzito. Sasa mnauliza ni wahenga gani waliosema. Si wahenga. Msemo huu umezaliwa hapa hapa Mamboleni, na aliyeusema yuko hai, analima migomba yake kule juu. Ilikuwa hivi.

Zahanati yetu ilikuwa na pikipiki moja tu, kuukuu, na ndiyo iliyoshusha wagonjwa hospitali kubwa bondeni. Dereva wake alikuwa Mbonea. Shule hakufika mbali, lakini chombo kile alikijua kama mtu anavyomjua punda wake. Mwaka huo injini ilianza kulia, kra-kra-kra, kama maharage yanayotikiswa ndani ya debe. Sista Naetwe, muuguzi, alimtania, "Mbonea, chombo chako kinakohoa kuliko wagonjwa wangu! Kilete nikichome sindano."

Mbonea alishika bisibisi, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni. Mafundi ndivyo wanavyosikiliza. Akaijua kelele inakotoka. Ilikuwa cheni ya ndani, ile ya taiming, imelegea. Na tenshena, kijichuma kinachoisukuma cheni isicheze, kimelika. Dawa yake ni kufungua injini na kuweka vipya vyote viwili.

Akaenda kwa Mtendaji wa kijiji, Bwana Senzia, maana kila kitu cha zahanati kilikuwa mkononi mwake, hata ufunguo wa pikipiki.

"Wageni wa wilaya wanakuja Alhamisi," Senzia alisema. "Leo unataka kunifungulia injini? Hiyo tenshena si ina bolti? Kaza."

"Mtendaji, nikiikaza itanyamaza, lakini cheni itavutika hadi ikatike."

"Wewe ni fundi au mtabiri? Nimesema kaza. Sitaki aibu mbele ya wageni."

Mbonea alikaza. Angefanyaje? Anayeshika ufunguo ndiye anayeshika neno. Kelele ikafa. Wageni wakaja, wakala kuku, wakaisifia pikipiki kwamba inatunzwa. Walipoondoka, Mbonea alirudi kuomba vipuri.

"Vipuri vya nini tena?" Senzia akacheka. "Mimi sisikii kitu. Imepona hiyo."

Masika yakaingia. Asubuhi moja Nakijwa, mke wa Mbonea, aliamka ameshika tumbo upande wa kulia. Huyo mama hakuwa mtu wa kulialia. Alijifungua watoto wanne majirani wakisikia sauti ya mtoto tu. Siku hiyo alilia hadi wapita njia wakasimama. Mbonea akamfikisha zahanati kwa machela ya miti. Sista Naetwe akamgusa tumbo, akasema, "Huyu ni wa kupasuliwa. Ashuke bondeni sasa hivi."

Ufunguo uko kwa Senzia, na Senzia yuko kikaoni. Mbonea alisimama mlangoni mwa ofisi mvua ikimnyeshea, kila akichungulia anapungiwa mkono asubiri. Kikao kilipoisha Senzia akaja zahanati, amejifunika mwavuli. Kufika, Nakijwa alikuwa ametulia kimya, macho ameyafumba.

"Mbona amenyamaza?" Senzia aliuliza. "Mlisema analia. Amepata nafuu huyu. Mwacheni apumzike, petroli ya serikali haichezewi." Akageuka na ufunguo wake mfukoni.

Na Mbonea naye, masikini, akafurahi. Alikaa kando ya kitanda akimshukuru Mungu. Nakijwa akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Kiure, maumivu yamekwisha. Nasikia baridi tu." Mbonea akamfunika kwa koti lake.

Sista ndiye aliyerudi kumpima, akaukuta mwili una jasho la baridi na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, ndiyo maana maumivu yalikatika ghafla. Alitoka mbio hadi kwa Senzia, akaukuta ufunguo ameutua mezani, akauchukua bila kuomba ruhusa. Wakampakia Nakijwa katikati, Sista nyuma amemkumbatia.

Pikipiki ilikwenda vizuri, kimya, laini. Walipoanza kupanda kilima cha mwisho kabla ya bonde, kikasikika kishindo kimoja tu, ta! Injini ikazima. Mbonea akapiga kiki. Kiki ikashuka nyepesi kama mtu anakanyaga unga. Cheni ilikuwa imekatika ndani.

Hakuna gari lililopita. Akambeba mkewe mgongoni, akapanda naye. Njiani alikuwa akimwita, "Mama Kiure! Mama Kiure!" Mwanzo alijibiwa, "Ee." Kisha hakujibiwa. Sista akamshika bega. "Mbonea, mshushe. Mshushe, kaka yangu."

Baada ya matanga kijiji kizima kilinung'unika, lakini nani angesema? Wengine walihofia kunyimwa mbolea, wengine kukosa barua ya utambulisho. Alipokuja mkubwa wa wilaya, mkutano ukaitwa. Akauliza kama wananchi wana malalamiko kuhusu zahanati. Watu wakatazama chini. Kukawa kimya hata kuku wakasikika wakiparura.

Senzia akasimama, akatabasamu. "Mheshimiwa, si unaona mwenyewe? Msiba ulituumiza, lakini watu wangu sasa wametulia. Yamekwisha."

Nyuma kabisa Mbonea akainuka. Hakupaza sauti. Alimtazama Senzia, kisha akatutazama sisi wengine mmoja mmoja, na ndipo nyuso zetu zilipoungua.

"Mtendaji," akasema, "hata mke wangu alinyamaza."

Akavaa kofia yake. Alipofika ukingoni mwa uwanja akageuka, akamalizia: "Kunyamaza si kupona."